Wiki Ambayo Mama Hakuambiwa

Juzi nilikuwa namchongea mwanangu penseli, moja ya zile penseli nzuri za zamani, si hizi za siku hizi zinazovunjika ncha ukizitazama tu. Harufu ya mbao ikanipanda puani na mkono ukasimama wenyewe. Mwerezi. Mwanangu akaniuliza, "Mama, mbona umenuna?" Nikamwambia sijanuna, niko Doha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa upuuzi, akachukua penseli yake akaenda zake.

Simlaumu. Harufu hiyo kwangu ni ya mahali pamoja tu, sebule ya mwanamke mmoja huko Al Rayyan, na ya wiki moja ambayo karibu kila mtu niliyempenda alikuwa anadanganya. Niseme mapema, maana sipendi hadithi za kumchezea msomaji. Wiki hiyo Nyanya yangu, mama yake Mama, alikuwa amekufa kwetu Wundanyi, na kati ya Wakenya wote waliotujua Doha, watu wawili tu hawakujua. Mmoja ni mimi, na mimi nilikuwa mtoto. Mwingine ni Mama, na maiti alikuwa mama yake.

Tulikaa mtaa wa Najma, vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani wa Kihindi, na mashine zake zilianza kunguruma kabla hatujaamka. Mama alikuwa nesi. Baba alikuwa dereva wa chuo kimoja, kazi yake kuwachukua walimu wa kigeni majumbani na kuwarudisha. Mimi nililelewa na Nyanya mpaka nilipofikia umri wa kuanza shule ndipo nikaletwa huko, na jina langu ni lake. Kwa hiyo Mama hakuniita jina hata siku moja. Aliniita "mama", kama wafanyavyo wengi kwetu mtoto akibeba jina la mzazi wao. "Mama, njoo ule." "Mama, umepiga mswaki wewe?" Manesi wenzake wa Kifilipino walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka huo Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na mimba ilimpandisha presha. Daktari akamtoa kazini. Alale, apumzike, asishtuke. Hilo neno "asishtuke" Baba alilibeba kama yai. Akawa anafunga milango polepole, na mimi nikikohoa tu ananitolea macho. Na wote tulikuwa tunamngoja Nyanya. Nani mwingine angemwogesha mtoto mchanga, amkande Mama kwa maji ya moto, ampikie uji wa kumrudishia damu? Niliambiwa viza yake inashughulikiwa. Kwa akili yangu viza ilikuwa kitu kama keki, imetiwa jikoni, tungoje iive.

Sasa kwa vile Mama hakutakiwa kusumbuliwa, mchana Baba alinichukua shuleni na kuniacha kwa Miss Arlene mpaka amalize zamu yake. Miss Arlene alikuwa mmoja wa walimu aliowaendesha. Mwanamke mtu mzima, mfupi, mnene, na msuko mmoja wa mvi uliofika kiunoni. Alitoka Kanada, lakini ukimwita Mkanada alikuwa anakusahihisha. Yeye ni Mwojibwe, watu waliokuwa kando ya maziwa makubwa kabla Kanada haijapewa hilo jina. Chuoni alifundisha Kiingereza. Nyumbani aliketi mbele ya kompyuta akiisemesha Kiojibwe, anajirekodi, neno baada ya neno, kwa sababu mabinti zake hawakukijua na ndugu zake waliokijua walikuwa wanapukutika. Doha nzima hakuwa na mtu wa kumjibu. Nadhani ndiyo maana alinizungumzia mimi.

Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole. Kwenye lugha yao, alisema, huwezi kutaja kitu kabla hujaamua kama ni hai au si hai, maana sentensi nzima inakifuata. Nikamwambia hata sisi! Mtu anakuja, mbuzi anakuja, lakini gari linakuja. Alifurahi sana, akapiga paja. Halafu akaniambia kwao gari nalo liko upande wa walio hai. Na ngoma. Na sufuria. Na jiwe. "Jiwe?" Jiwe, akasema, na akanionyesha mawe yake matatu ya ziwani yaliyokaa dirishani. Kuna tunda moja la porini ni hai na jirani yake kichakani si hai. Nikamuuliza kwa nini. "Sijui," akasema. "Niliwakuta wakubwa wangu wanasema hivyo, na wao hawakuwa wajinga. Ukikitaja kitu kama kilicho hai, unakishika kwa adabu. Hilo tu ndilo ninalolijua."

Nilipomwambia Baba alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Tangu siku hiyo gari la chuo likawa mtu. "Gari hajanywa leo," anasema tukiingia kituo cha petroli. "Gari amechoka, mwache apumue." Mimi nilicheka, lakini yale mawe ya dirishani niliacha kuyapa mgongo. Nilihisi yananisikiliza.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwao "sisi" ziko mbili. Iko sisi ya mimi na wenzangu na wewe unayenisikiliza ukiwemo, na iko sisi ya mimi na wenzangu, wewe ukiwa nje. Ukifungua mdomo lazima uchague. Mtu hawezi kukaribishwa nusunusu. Miss Arlene alisema kwao mtoto anajua mapema sana yuko ndani ya sisi ipi, na akiachwa nje anaambiwa kwa nini. Mimi niliona ni mambo ya shule tu, nikarudi kwenye katuni.

Siku moja, kabla Mama hajakatazwa kabisa kutoka kitandani, Miss Arlene alitualika sote tukala kwake samaki. Kabla hatujakaa alipakua kisahani kidogo, akakiweka peke yake dirishani, akachoma majani makavu ya mwerezi kwenye kibakuli, na moshi ukajaa sebuleni. Mimi nilikuwa sakafuni nachezea mawe. Waliyozungumza wakubwa Mama alikuja kunisimulia nikiwa msichana mkubwa. Aliuliza kisahani ni cha nani. Miss Arlene akajibu ni cha nyanya yake, nookomisiban. Nookomis ni nyanya yangu, akaeleza, na hakuna kusema nyanya hivihivi, lazima awe wa mtu. Huko mwishoni ndiko kunakosema ameshatutoka. Jina la marehemu wao linavaa hivyo kila linapotajwa, mpaka na wewe ufe.

Mama, nesi, akataka kujua: na kama mtu hataki kusema kwamba mgonjwa amekufa? Labda ndugu bado hawajawa tayari?

"Basi anyamaze," Miss Arlene akasema. "Akimtaja tu, ulimi umeshasema."

Kwenye gari Mama alicheka njia nzima. "Watu wa kwetu lugha hiyo ingewashinda," alimwambia Baba. "Sisi mtu amekwisha kuoza na bado unaambiwa amelala kidogo." Baba naye akacheka. Hicho kicheko chao nakikumbuka vizuri.

Wiki yenyewe ilianza na vumbi. Wale waliokaa Doha wanajua siku hizo, jua likiwa kama sarafu chafu na meno yanasaga mchanga hata ukifunga mdomo. Tulikuwa barabarani, Miss Arlene mbele, mimi nyuma, simu ya Baba ikalia. Akaangalia namba, akasogeza gari pembeni. "Eeh," alisema. "Eeh. Lini?" Halafu akafungua mlango akashuka, akaenda kusimama kwenye vumbi akiwa ametupa mgongo, na magari yanapita karibu yake kwa kasi. Nilidhani polisi wamempiga faini kwa simu. Miss Arlene akashuka akamfuata. Kupitia kioo niliona anamwekea mkono mgongoni, na mgongo wa Baba unatikisika.

Waliporudi nikauliza kuna nini. Baba alikohoa. "Gari amechoka kidogo," akasema, na hakuniangalia kwenye kioo.

Nilichokuja kujua ni hiki. Mjomba, kaka yake Mama, alimpigia Baba na si Mama, maana ndiyo desturi yetu tukiwa ughaibuni. Habari mbaya haipewi mwenyewe. Inapewa watu wake, nao wajipange, wamzunguke, wapike chai, waite mchungaji, ndipo aambiwe akiwa ameketi. Ni upendo, sikatai. Lakini Baba, na presha ya Mama kichwani mwake, aliivuta desturi hiyo mpaka ikakatika. Alisema asiambiwe kabisa mpaka ajifungue. Mazishi yapite. Akishampakata mtoto ndipo ataambiwa.

Miss Arlene alimwahidi kwamba hatamwendea Mama wala kumpigia. Juu yangu hawakusema chochote. Baba alidhani inajulikana kwamba mtoto hajui kitu. Miss Arlene alidhani inajulikana kwamba mtoto mwenye jina la marehemu ndiye wa kwanza kuambiwa. Kila mmoja alikuwa na uhakika, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Jamani, nyumba yetu ilibadilika ghafla. Baba aliacha kuniita jina langu. Nikawa "we mtoto" na "we mrembo", na mara moja alianza kulitamka akaliacha katikati, akageukia ukuta. Simu ya Mama ikaharibika, Baba akaipeleka kwa fundi, na fundi huyo hakumaliza. Mama akaomba simu ya Baba ampigie mama yake. Baba akapiga yeye mwenyewe, akaisikiliza kidogo kwanza, ndipo akampa. Ni Mjomba aliyepokea. Mama yetu amelala, akasema. Siku ya pili, Mama ameenda kwa jirani. Siku ya tatu, Mama koo limemkauka, hawezi kuongea, anakusalimia sana.

"Mwambie anywe tangawizi," Mama akamwambia Mjomba. "Mwambie mjukuu anapiga mateke, huyu ni mwanaume." Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia bafuni akafungulia maji yote.

Halafu wakaanza kuja wanawake. Kiongozi wao alikuwa Anti Mercy, jirani yetu wa mlango wa pili, Mkenya wa Nakuru, anafanya usafi hotelini na ndiye aliyekuwa mkuu wa ushirika wa maombi. Mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa, lakini wiki hiyo alitembea kwa vidole. Alileta godoro. Akaleta viti vya plastiki kutoka kanisani na chupa za chai kubwa mbili. Wengine wakaja baada ya kazi, wamevaa sare bado, wakijibana sebuleni. Nikiingia wananyamaza. Nilimkuta mmoja jikoni anatokwa na machozi, akaniambia ni vitunguu, na ubao wa kukatia ulikuwa mkavu.

"Mbona mnanipenda ghafla hivi?" Mama aliwauliza siku moja kutoka kitandani. "Ama daktari amewaambia kitu hajaniambia?"

"Ai, wewe nawe!" Anti Mercy akasema. "Si tumekuja kukuona tu? Sisi hatuwezi kukuona?"

Sisi. Mama alimwangalia muda mrefu bila kupepesa, kisha akageukia ukuta. Hakuwa mjinga, mama yangu. Alikuwa ameshaisikia ile sisi, ila bado hakujua yeye ameachwa nje ya nini.

Mimi nilijua. Angalau nilidhani hivyo, na furaha ilikuwa inanikaba. Godoro! Viti! Chai! Minong'ono, simu iliyofichwa, Baba kulia kando ya barabara! Nyanya anakuja. Viza imeiva, na wanataka kumshtua Mama kwa furaha siku atakapoingia mlangoni na kikapu chake. Niliwahurumia kwa jinsi walivyokuwa wabaya wa kuficha. Usiku nilijibana upande mmoja wa kitanda kujizoeza kumwachia nafasi.

Alhamisi, mchana, vumbi lilikuwa limetua lakini mbingu ilibaki njano. Miss Arlene hakuwasha kompyuta. Alinikalisha kwenye meza ya jikoni akaniuliza nyanya yangu anapenda chakula gani kuliko vyote.

Nilijua basi. Hata yeye amealikwa kwenye siri! "Kimanga," nikasema bila kufikiri, na nikamweleza, muhogo na maharagwe, unapika pamoja, unaponda, mafuta kidogo, kitunguu. Alikuwa na muhogo wa barafu kwenye friza, aliununua duka la Wafilipino kwa ajili hiyo hiyo, maana alishasikia kwa Baba kwamba watu wa kwetu ni wa mihogo. Tukapika. Kimanga chenyewe kilitoka kibaya, kina madonge, Nyanya angekisema vibaya mbele za watu. Miss Arlene hakucheka hata kidogo. Alifanya kila kitu polepole, na mara mbili aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa.

Akatoa sahani yake bora, nyeupe yenye maua ya buluu. Akapakua kimanga cha moto na kukiweka dirishani kati ya mawe. Akachoma mwerezi. Kisha akasimama mbele ya ile sahani akasema maneno mengi kwa Kiojibwe, taratibu, kwa sauti ambayo watu humsemeshea mgeni wa heshima aliyeketi, na katikati ya maneno hayo nikasikia jina langu. Jina la Nyanya.

"Hiyo ni yake?" nikauliza.

"Ni yake. Sisi wawili tutakula ya kwetu, ile hatuigusi."

Alinikumbatia kwa nguvu mno, mashavu yake yana maji. Watu wazima wakifurahi wanalia, nilishaona kwenye harusi. Nilikula madonge yangu nikiitazama ile sahani ikitoa mvuke kati ya mawe. Hakuna kitu kilichotokea. Mvuke ulipungua tu, kisha ukaisha.

Baba akaja kunichukua, tukarudi Najma. Sikumwambia kitu, maana niliona naye anaficha lile lile. Aliniacha chini kwenye ngazi akaenda kuegesha gari. Nikapanda mbio. Wanawake walikuwa sebuleni, nikawapita kama upepo, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Mama alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, kama alivyoagizwa, mto katikati ya magoti.

"Mama," nikasema sikioni mwake, "usiwaambie nimekwambia. Nyanya anakuja!"

Uso wake ulifunguka wote. Sijapata kuona tena uso ukifunguka hivyo. "Nani kasema, mama? Viza imetoka?"

"Miss Arlene anajua! Amempikia kimanga. Amemwekea sahani dirishani, ile ya maua, amechoma majani, na amemwita jina kwa lugha yake. Na tumekatazwa kuigusa."

Alibaki na tabasamu lile lile, ila sasa lilikuwa limesahauliwa usoni. Akaketi. Aliniuliza kama alivyowauliza wagonjwa, taratibu, swali moja moja. Sahani aliiweka wapi? Alichoma majani kabla au baada? Alizungumza na wewe au na sahani? Alilia? Nilimjibu yote kwa furaha, na kila jibu lilimtoa rangi. Mwisho akanipangusa kidevu, kulikuwa na kimanga.

"Asante, mama," akasema.

Alisimama, akajifunga leso, akafungua mlango. Nakumbuka mvuke wa chai na Anti Mercy ameshika kikombe hewani.

"Mama yangu anazikwa lini?" Mama akauliza.

"Mama nanii," Anti Mercy akaanza, "hebu kaa chini kwanza, tafadhali, kwanza tuombe..."

"Mercy. Anazikwa lini?"

"Jumamosi," akasema Anti Mercy, na lile jitu la mwanamke likaangua kilio kama mtoto.

Mama hakulia. Alishuka sakafuni taratibu akijishikilia ukuta, akaketi miguu imenyooka mbele, tumbo mapajani, na akaniangalia mimi niliyesimama mlangoni na siri yangu nzuri mikononi. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyenieleza hata wakati huo. Nilipiga ukelele uliowafanya mafundi wa chini wasimamishe mashine.

Baba aliingia na funguo za gari mkononi. Aliona viti, akaona mke wake chini, akapiga magoti palepale. "Niliogopa," alisema. "Niliogopa kukupoteza na wewe."

"Nimemwagizia tangawizi," Mama akasema. "Mtu aliye mochwari. Umesimama hapo mlangoni, umenisikia nikimwagizia tangawizi maiti, na ukaenda kuoga."

Presha ilipanda kweli, Baba hakukosea kuogopa. Mama alijipima mwenyewe kwa mashine yake, akasoma namba kwa sauti kavu, akasema, "Nipelekeni." Njia nzima Baba aliendesha akinong'ona, sijui anamwomba Mungu au anamwomba gari. Wakamlaza, wakamtundikia dawa, wakasema tungoje. Nilikuwa na hakika nimemuua. Nilikaa kwenye kiti cha korido nikisema jina langu moyoni mara nyingi kwa sababu sikujua sasa ni la nani.

Ijumaa Miss Arlene alikuja wodini. Alisimama miguuni pa kitanda amevua viatu. "Nilidhani mtoto anajua," akasema. "Sikuweza kufikiri kwamba hajui."

Mama alimnyooshea mkono usio na sindano. "Watu wote hawa walikuwa wanampa mama yangu salamu za uongo," akamwambia. "Wewe peke yako ndiye uliyempa chakula." Kisha akamwomba alitaje jina la mama yake namna ile ya kwao, ya walioondoka. Miss Arlene akalitaja. Mama akataka tena. Ndipo alipolia, na kilio chake kiliwafanya manesi wachungulie, na ile namba kwenye mashine, badala ya kupanda, ikaanza kushuka.

Jumamosi Mjomba aliishika simu juu ya kaburi. Sisi tulikuwa kitandani kwa Mama, yeye, mimi na Baba, simu katikati imewekwa sauti kubwa. Tulisikia upepo wa kwetu, wimbo, halafu mchanga wa kwanza ukigonga mbao. Mama aliongea na mama yake kwa Kitaita mpaka laini ikakatika. Mdogo wangu alizaliwa siku chache baadaye, mzima, mweusi tii, na mdomo mkubwa.

Baba alisamehewa, lakini ilichukua muda, na msamaha ulikuwa na sharti. Mama alimwambia siku tuliyomleta mtoto nyumbani, wanawake wameshaondoka na viti vyao. Aliniweka mimi pembeni yake makusudi ili nisikie. "Siku nikifa mimi," alisema, "usimwite mchungaji. Usimwite Mercy. Usinunue chai. Utamwambia huyu saa hiyo hiyo, kwa mdomo wako, na utasema nimekufa. Hutasema nimelala." Baba alisema sawa. Mama akamwambia arudie yote, na Baba akarudia yote.

Mwaka huu, mchana, nikiwa kazini na watu wamepanga foleni mbele ya dirisha langu, simu ikalia. Ni Baba. Hakuniuliza niko wapi. Hakuniuliza nimekaa au nimesimama.

"Mama yako amekufa," alisema. Aliyatamka maneno yote mpaka mwisho, moja moja. "Sasa hivi. Bado ana joto, nimemshika mkono. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."